Nguo Imfuate Mtu: Maradhi ya Ulaji na Shinikizo la Wembamba katika Biashara ya Mitindo

Mhadhara huu unahusu mambo mawili ambayo aghalabu huzungumzwa mbalimbali, kana kwamba moja ni la madaktari peke yao na jingine ni la washonaji na wapiga picha. La kwanza ni maradhi ya ulaji, yaani kundi la maradhi ya akili ambayo humwondolea mtu mamlaka juu ya kula kwake, ama kwa kujinyima hadi kudhoofu, ama kwa kula kupita kiasi na kisha kujitapisha, ama kwa kufanya yote mawili kwa zamu. La pili ni biashara ya mitindo ya mavazi, hasa ile yenye makao yake Paris, Milan, London na New York, ambayo kwa zaidi ya nusu karne imeutukuza mwili mwembamba kupindukia na kuueneza duniani kote kuwa kielelezo cha uzuri.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba biashara ya mitindo haisababishi maradhi haya peke yake, kwa kuwa mizizi yake inafika katika damu ya ukoo, katika tabia ya mtu na katika misukosuko ya maisha yake. Hata hivyo, ni biashara iliyoigeuza njaa kuwa sharti la ajira, na sharti hilo halikuandikwa katika mkataba wowote, kwa sababu limeshonwa ndani ya nguo yenyewe. Ikiwa ndivyo ilivyo, basi sheria nyingi zilizotungwa tangu mwaka 2006, ingawa nia yake ni njema, zimepogoa matawi na kuliacha shina, kwa maana zimeendelea kuupima mwili wa msichana ilhali kinachostahili kupimwa kwanza ni nguo anayotakiwa kuivaa.

Maradhi yenyewe

Anoreksia ni ugonjwa ambao humfanya mtu ajinyime chakula hadi uzito wake ushuke chini ya kiwango cha afya, huku akiwa na hofu kali ya kunenepa, na huku akijiona mnene hata pale ambapo mbavu zake zinahesabika. Daktari Richard Morton wa Uingereza aliieleza hali inayofanana nayo mwaka 1689, na mwaka 1873 madaktari wawili waliokuwa wakifanya kazi bila kushirikiana, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, waliichambua kwa kina, na Gull akaipa jina ambalo limedumu hadi leo. Bulimia, ambayo humfanya mgonjwa ale chakula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia na kisha ajaribu kukitoa mwilini kwa kujitapisha au kwa dawa za kuharisha, ilielezwa kuwa ugonjwa wa pekee mwaka 1979 na daktari Gerald Russell wa London. Ugonjwa wa tatu, ambao mgonjwa hula kwa kupindukia bila kujitapisha na hubaki na aibu na majuto makali, ulitambuliwa rasmi kuwa ugonjwa kamili mwaka 2013 katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani.

Kwa kuwa hali inayofanana na anoreksia ilielezwa muda mrefu kabla ya kuenea kwa majarida ya mitindo ya leo, ni kosa kudai kwamba magazeti ndiyo yaliyoizaa. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha wagonjwa karibu 17,000 kutoka nchi mbalimbali, ulitambua sehemu nane za urithi wa binadamu zinazohusiana na ugonjwa huo, na ukaonyesha kwamba urithi wake una uhusiano na namna mwili unavyotumia chakula na siyo na fikra tu. Maana yake ni kwamba wasichana wawili wanaweza kuanza kujinyima chakula siku moja, kwa sababu ileile, na mmoja akarudia sahani yake baada ya wiki mbili wakati mwenzake amekwisha kunaswa mahali ambapo hawezi kutoka kwa nguvu zake mwenyewe. Anayenaswa hana kiburi wala ujinga kuliko mwenzake, na kumwambia kwamba anadeka au anaringa ni kumwongezea mzigo mgonjwa.

Madhara yake hayaishii kwenye ngozi na mifupa. Mwili usiolishwa hupunguza mapigo ya moyo, hushusha joto lake, husimamisha hedhi na huanza kuila misuli yake, ukiwemo msuli wa moyo, na mifupa inayokosa lishe katika ujana huenda isipate tena uimara wake wote. Kwa upande wa bulimia, kutapika mara kwa mara hupoteza madini ya potasiamu ambayo ndiyo huuwezesha moyo kupiga kwa mpangilio, kwa hiyo mgonjwa anaweza kufa ghafla akiwa na uzito ambao hauwezi kumshtua mtu yeyote. Uchambuzi uliojumlisha matokeo ya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa wa anoreksia hufa kwa kiwango kinachokaribia mara sita ya kile cha watu wa rika lao, na kwamba kati ya kila watano wanaokufa, mmoja hujiua. Ni maradhi machache sana ya akili yenye kiwango cha vifo kinachofikia hicho.

Kile ambacho njaa huifanyia akili

Watu wengi hudhani kwamba akili ndiyo huugua kwanza na mwili hufuata baadaye, na kwa sehemu ni kweli. Lakini njia hiyo hupitika pia kwa upande wa pili, yaani njaa yenyewe, hata ikimpata mtu mwenye akili timamu, humzalishia dalili za ugonjwa. Ushahidi mashuhuri wa jambo hili ulitoka katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, ambako kuanzia Novemba 1944 mtaalamu wa lishe Ancel Keys aliwachunguza vijana wa kiume 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri na wakajitolea kupunguziwa chakula, ili ijulikane namna bora ya kuwahudumia watu wa Ulaya walioumizwa na njaa ya vita. Vijana hao walichaguliwa kwa uzima wa mwili na akili, na kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichokizoea, kwa mlo wa viazi, mkate na mboga, kama ule ambao watu wa Ulaya walikuwa wakiupata.

Yaliyotokea yanashangaza kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akitafuta wembamba. Waliacha kuzungumzia siasa na dini, mambo yaliyowafikisha pale, wakawa wanazungumzia chakula tu. Walisoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo riwaya. Walikichanganya chakula chao na maji ili kionekane kingi, wakakitafuna kidogokidogo hadi mlo mmoja ukachukua karibu saa mbili, na kisha wakalamba sahani. Walihisi baridi katikati ya kiangazi, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao na kupoteza hamu ya mapenzi. Chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula bila kuweza kusimama, na wengine walianza kulalamika kwamba matumbo na mapaja yao yamenenepa, malalamiko ambayo hawakuwahi kuwa nayo kabla ya utafiti.

Matokeo ya utafiti huo, yaliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1950, yana uzito mkubwa katika mjadala wa mitindo. Ikiwa njaa ya miezi sita iliweza kuwafanya wanaume 36 wazima wafanane na wagonjwa, basi mwajiri yeyote anayemtaka msichana wa miaka 16 ashinde na njaa ili apate kazi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba msichana huyo alikuja na udhaifu wake. Hata kama hakuna aliyekusudia kumdhuru, sharti la kazi limekwisha kutayarisha nusu ya ugonjwa.

Namna kipimo cha nguo kilivyotawala

Katika miji ya Afrika Mashariki, mtu anayekwenda kwa fundi kushonesha hupimwa kwanza: futikamba hupita begani, kifuani, kiunoni na nyongani, vipimo huandikwa kwenye daftari, na hapo ndipo mkasi hugusa kitambaa. Bibi harusi akiongezeka mwili kabla ya siku yake, fundi hufumua mshono na kuachia kitambaa alichokibakiza ndani kwa ajili hiyo, na hakuna anayeona kwamba bibi harusi amekosea. Mwili ndio unaoamuru, na nguo hutii.

Hata Paris ilianza hivyo. Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba yake ya mavazi katika mji huo katikati ya karne ya 19, anahesabiwa miongoni mwa wa kwanza kuwaonyesha wateja nguo zikiwa zimevaliwa na wanawake hai, akiwemo mkewe Marie Vernet. Kwa miongo mingi baada yake, nyumba kubwa za mavazi ziliwaajiri wanamitindo wa kudumu, nguo za maonyesho zikashonwa juu ya miili yao, na mteja aliyependa vazi akapimwa na kushonewa lake. Mambo yalibadilika pale biashara ya nguo zilizo tayari ilipopanuka, hasa kuanzia miaka ya 1960, kwa kuwa mwanamitindo aliacha kuwa mwajiriwa wa nyumba moja na akawa kibarua anayezunguka nyumba kumi kwa wiki moja, na nguo ikalazimika kushonwa kabla ya kujulikana nani ataivaa. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1966, msichana wa London mwenye umri wa miaka 16 aliyejulikana kwa jina la Twiggy alipata umaarufu mkubwa, na umbo la binti ambaye bado hajapevuka likaanza kuchukuliwa kuwa umbo la mwanamke mzima.

Nguo ya namna hiyo huitwa sampuli. Hushonwa moja, au chache sana, miezi kadhaa kabla ya nguo za aina yake kufika madukani. Hupandishwa jukwaani, kisha husafirishwa kutoka mji hadi mji ili wahariri wa majarida waipige picha, na hatimaye hurudishwa kwa mbunifu. Kwa kuwa ni moja, hukatwa kwa saizi moja, ambayo kwa hesabu ya Ufaransa huwa 34 au 36, na kwa muda fulani ilishuka hadi 32. Kutoka hapo ndipo mawakala wa Paris na Milan hupata masharti yao, kwamba msichana mwenye urefu usiopungua sentimita 175 awe na nyonga zisizozidi sentimita 90 hivi, kipimo ambacho wanawake wachache sana wenye urefu huo hukifikia kwa maumbile yao. Wengi wao huchukuliwa wakiwa na miaka 14, 15 au 16, umri ambao urefu umekwisha kuja lakini nyonga bado. Baada ya miaka miwili nyonga hupanuka kama maumbile yanavyotaka, na kile ambacho nyumbani kingeitwa kupevuka, katika ofisi ya wakala huitwa kosa.

Ushahidi kwamba sampuli ndiyo kiini cha shinikizo ulitoka ndani ya biashara yenyewe. Mwaka 2009 Alexandra Shulman, aliyekuwa mhariri wa jarida la Vogue la Uingereza, aliwaandikia wabunifu wakubwa wa Ulaya na Marekani barua, ambayo baadaye ilifika magazetini, akilalamika kwamba sampuli wanazompelekea zimekuwa ndogo mno hata analazimika kutafuta wasichana waliokonda ili ziweze kuwaenea, na kwamba jarida lake lilikuwa likizirekebisha picha ili wasichana hao waonekane wamejaza mwili kidogo. Kwa hiyo msomaji aliyeitazama picha na kujiona mnene alikuwa akijilinganisha na mtu ambaye hata wahariri walimwona amekonda kupita kiasi, na mifupa yake ikafichwa kwa kompyuta kabla gazeti halijachapishwa.

Juu ya kipimo hicho huongezwa deni. Wakala humlipia msichana nauli, pango na gharama za picha, kisha huzikata katika malipo yake ya baadaye, hivyo anayekosa kazi kwa sababu ya sentimita mbili za nyonga hubaki akidaiwa katika mji asio na ndugu. Jambo hili limeigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani tangu Alek Wek, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekimbilia London akiwa na miaka 14, apate umaarufu katika miaka ya 1990, mawakala wamekuwa wakiwatafuta vijana wa asili yake hadi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya. Na mwaka 2023 gazeti la The Sunday Times la Uingereza liliripoti kwamba baadhi ya waliochukuliwa kambini humo walirudishwa baada ya muda mfupi wakiwa na madeni. Mtu aliyetoka penye uhaba wa chakula hana nguvu ya kubishana na anayemwambia apunguze mwili.

Vifo vya mwaka 2006 na sheria zilizofuata

Mnamo Agosti 2006 Luisel Ramos, mwanamitindo wa Uruguay mwenye umri wa miaka 22, alifariki dunia mjini Montevideo muda mfupi baada ya kushuka jukwaani, moyo wake ukiwa umeshindwa. Mwezi Novemba mwaka huohuo Ana Carolina Reston wa Brazil, mwenye miaka 21, alifariki São Paulo kwa madhara ya anoreksia. Na Februari 2007 Eliana Ramos, mdogo wake Luisel, ambaye naye alikuwa mwanamitindo, alifariki akiwa na miaka 18. Vifo hivyo vilivunja ukimya, kwa sababu safari hii waliokufa walikuwa na majina, picha na wazazi waliozungumza hadharani.

Hatua ya kwanza ilichukuliwa Madrid mnamo Septemba 2006, ambako maonyesho ya mavazi ya mji huo yaliwakataa wanamitindo ambao uwiano wa uzito na urefu wao ulikuwa chini ya 18. Uwiano huo hupatikana kwa kuchukua uzito wa mtu kwa kilo na kuugawa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu mzima aliye chini ya 18.5 ana uzito pungufu. Italia ilifuata kwa mwongozo wa maadili mwishoni mwa mwaka huo. Israel ilipitisha sheria mwaka 2012, kwa juhudi za mbunge Rachel Adato, ambaye ni daktari, pamoja na mpiga picha Adi Barkan, ikitaka uwiano wa 18.5 na alama kwenye tangazo lolote lenye picha iliyopunguzwa mwili kwa kompyuta. Ufaransa, ambayo mwaka 2010 ilimpoteza Isabelle Caro, mwanamitindo aliyekuwa amekubali mwaka 2007 kupigwa picha na Oliviero Toscani ili dunia ione kile ambacho anoreksia ilimfanyia, ilianza kwa kupendekeza kiwango cha uwiano huo, lakini sheria yake iliyopitishwa Desemba 2015 na kuanza kutumika mwaka 2017 iliuachia uamuzi uchunguzi wa daktari, ikaweka adhabu ya hadi miezi sita jela na faini ya euro 75,000 kwa anayemwajiri mwanamitindo asiye na cheti, na ikalazimisha picha zilizorekebishwa ziandikwe hivyo.

Sheria hizi zinastahili heshima, kwa kuwa zilikiri kwamba mwili wa mfanyakazi una haki ya kulindwa. Hata hivyo, kasoro yake inaonekana katika historia ya kipimo chenyewe. Uwiano wa uzito na urefu ulibuniwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji aliyekuwa akitafuta wastani wa umma wa watu, na jina linalotumika leo lilipendekezwa mwaka 1972 na Ancel Keys, yuleyule wa Minnesota, akiwa na makusudi ya kuwachunguza watu kwa makundi. Kipimo hicho hakioni bulimia, kwa sababu wagonjwa wengi wa bulimia wana uzito wa kawaida; hakitofautishi binti mwembamba kwa maumbile na binti anayejinyima; na kimempa msichana namba nyingine ya kuihofia, akiwa tayari amezungukwa na namba za futikamba na mizani. Nazo alama za picha zilizorekebishwa, tafiti nyingi zilizozichunguza hazikuonyesha kwamba humpunguzia mtazamaji hisia ya kutoridhika na mwili wake.

Lililokaribia shina zaidi ni azimio la mwaka 2017 la makampuni mawili makubwa ya Ufaransa, LVMH na Kering, ambayo yaliahidi kuiondoa saizi 32 katika uteuzi wa wanamitindo wao wa kike na kutowatumia walio chini ya miaka 16 kuonyesha nguo za watu wazima. Kering baadaye ikaupandisha umri huo hadi 18. Hapo, kwa mara ya kwanza, kilichoguswa kilikuwa nguo. Lakini hatua kutoka 32 hadi 34 ni fupi mno, na matokeo yake yanaonekana jukwaani: hesabu iliyofanywa na Vogue Business katika maonyesho ya nusu ya pili ya mwaka 2024 katika miji minne mikuu ilionyesha kwamba karibu asilimia 95 ya mavazi yalivaliwa na wanamitindo wa saizi ndogo kabisa, na chini ya asilimia moja tu yalivaliwa na wanene.

Kutoka jukwaani hadi sebuleni

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasichana elfu chache wa Paris na Milan wawashughulishe watu walio mbali nao. Jibu lilipatikana Fiji, katika jimbo la Nadroga, ambako kwa vizazi vingi mwili uliojaa ulikuwa ishara ya kutunzwa vizuri na jamaa. Televisheni ilipofika huko mwaka 1995, Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana wa shule wiki chache baadaye, kisha akarudi mwaka 1998 na kuwahoji wengine wa rika hilohilo. Katika awamu ya kwanza hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili kupunguza uzito. Katika awamu ya pili walikuwa asilimia 11.3, na waliokuwa na dalili za kutia wasiwasi waliongezeka kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Miaka mitatu ya picha ilitosha kuitikisa heshima ya mwili ambayo mabibi waliijenga kwa vizazi.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulitazama jambo hilo kwa makini, kwa kuwa huku nako kunawiri ni sifa, na aliyepungua mwili huulizwa kwa wasiwasi anaumwa nini. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wasichana na wanawake 214 wa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha uhusiano kati ya kutazama vyombo vya habari vya Magharibi na fikra za ulaji zenye kasoro, na huo ulikuwa wakati ambao simu zenye kamera hazijaenea mikononi mwa vijana. Leo binti hahitaji jarida la kigeni, kwani picha zilizopunguzwa kiuno humfikia kitandani, pamoja na matangazo ya chai za kupunguza tumbo ambazo nyingi zina sanamaki, mmea ambao wazee huujua kuwa ni dawa ya kuharisha, unaotoa maji na madini mwilini na kuyaacha mafuta palepale. Yapo pia mashinikizo ya upande wa pili, ya vidonge na mafuta ya kuongeza makalio, nayo yanatoka katika fikra ileile kwamba mwili ni kosa linalosubiri kusahihishwa.

Hatari ya pekee ya huku ni kwamba ugonjwa hujificha nyuma ya maelezo yanayokubalika. Binti anayekwepa mlo husema amekula shuleni, au ana vidonda vya tumbo, au anafunga sunna, na jamaa humwamini kwa kuwa kila sababu kati ya hizo ni ya kweli kwa mtu mwingine. Akikonda sana hupimwa kifua kikuu, na tangu miaka ya UKIMWI wembamba wake huweza kuzua minong'ono inayomfanya azidi kujificha. Dhana kwamba maradhi haya ni ya Wazungu au ya matajiri humnyima daktari swali ambalo angepaswa kuuliza. Dalili zinazostahili kuzingatiwa ni za kawaida kabisa: kuzipanga upya nyakati za kula ili asile na wenzake, kuingia msalani kila baada ya chakula, hedhi kukatika, kuhisi baridi wakati wengine wanatoka jasho, na kuwapikia watu kwa shauku huku yeye mwenyewe akigusa tu.

Yapasayo kutendwa

Jambo la kwanza ni la sheria na ajira. Ikiwa mwenye kiwanda huwajibika kwa mashine inayomkata mfanyakazi kidole, mwenye nyumba ya mavazi awajibike kwa sampuli inayomlazimisha mfanyakazi kushinda na njaa. Sampuli zishonwe kwa saizi zinazofanana na miili ya wanawake wazima watakaozinunua nguo hizo, na zishonwe kwa zaidi ya saizi moja. Mwanamitindo ateuliwe kabla ya mshono wa mwisho kupigwa. Ndani ya nguo ibakizwe akiba ya kitambaa. Na atakayeonyesha nguo za watu wazima awe ametimiza miaka 18. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji elimu mpya, kwa kuwa kuifuatisha nguo na mwili wa mvaaji ni jambo ambalo mafundi wa nyumba za Paris walilifanya kwa karibu karne nzima, na mafundi wa Kariakoo na Mombasa hulifanya hadi sasa. Kwa hiyo majukwaa ya Afrika Mashariki, kama Swahili Fashion Week iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008 na Mustafa Hassanali, mbunifu aliyesomea udaktari, yana nafasi ya kuonyesha njia badala ya kuazima masharti ambayo wenyewe wa Ulaya wameanza kuyaonea haya.

Jambo la pili ni la tiba. Maradhi haya hutibika, na anayewahi hupona kwa urahisi zaidi. Kwa vijana wenye anoreksia, njia yenye ushahidi mzuri ni ile iliyoanzia katika hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980, ambayo huwakabidhi wazazi kazi ya kumlisha mtoto wao mlo kwa mlo, kwa upole usiolegea, hadi mwili urudi na kijana arudishiwe mamlaka yake hatua kwa hatua. Kwa bulimia, Christopher Fairburn wa Oxford alikuza tiba ya mazungumzo inayomsaidia mgonjwa kukata mzunguko wa kujinyima, kula kupita kiasi na kujitapisha. Aliyedhoofika sana hapaswi kushindiliwa chakula nyumbani, kwani chakula kingi cha ghafla huweza kuvuruga madini ya damu na kuusimamisha moyo. Huyo apelekwe hospitali kwanza. Afrika Mashariki haina wataalamu wa kutosha, lakini ina kitu ambacho tiba ya Maudsley hukitegemea kuliko vyote, nacho ni familia inayokula pamoja na shangazi au bibi ambaye binti humsikiliza.

Jambo la tatu ni la ulimi. Katika mikusanyiko mingi salamu huanza kwa mwili, kwamba huyu amenenepa na yule amekwisha, na maneno hayo husemwa kwa mapenzi. Lakini kwa kijana aliyekwisha kuanza kujihesabu kila tonge, sifa ya kupungua humthibitishia kwamba yuko kwenye njia sahihi, na mzaha wa kunenepa humrudisha kwenye njaa. Kumuuliza usingizi wake ukoje, masomo yanaendaje na moyo wake una nini kunamfikia mahali ambapo hukumu juu ya umbo lake haifiki.

Biashara ya mitindo hubadili rangi, urefu wa pindo na upana wa suruali kila msimu, na huusifu ubunifu wake kwa sababu ya mabadiliko hayo. Biashara yenye uwezo huo haiwezi kudai kwamba kitu kimoja tu, kipimo cha sampuli, ndicho kisichobadilika, na kwamba wanaopaswa kubadilika ni wasichana ambao bado wanakua. Wajibu wa wabunifu, wa watunga sheria na wa wanunuzi ni kulidai badiliko hilo waziwazi, na kuendelea kulidai mpaka afya ya anayevaa iwe sharti la kwanza la kazi hiyo na nguo irudi kumfuata mtu.